Nani yuko sahihi kuhusu Norma Desmond, na je, shangazi aione filamu hii?

*"Shikamoo mwalimu. Juzi tulikaa ndugu wanne nyumbani tukaangalia Sunset Boulevard, ile filamu ya Marekani ya mwaka 1950 kuhusu nyota wa filamu bubu aliyesahauliwa, anayemweka kijana mwandishi ndani ya jumba lake na mwisho anampiga risasi. Tulibishana hadi usiku wa manane. Kaka anasema yule mama anaigiza kupita kiasi, macho yamemtoka na mikono kama anafukuza nzi, na kwamba filamu inasifiwa kwa ukale wake tu. Dada alilia, kwake Norma ni mwanamke aliyetumiwa akatupwa. Mdogo wetu anasema tatizo ni Joe, marioo anayekula hela za mwanamke halafu anajifanya mjanja kuliko wote. Nimesoma maoni ya watazamaji nikazidi kuchanganyikiwa: mmoja hajawahi kuona filamu nzuri kama hii, mwingine aliizima baada ya nusu saa. Nani yuko sahihi? Na kuna jingine. Shangazi yetu alikuwa mwigizaji. Alianza kwenye michezo ya redio, akaingia kwenye tamthilia za runinga, watu walikuwa wanamsimamisha njiani. Siku hizi hakuna anayempigia simu. Anashinda akiangalia kazi zake za zamani, na sisi ili kumpa moyo humwambia kuna watu wanamuulizia, hata kama hakuna. Dada anataka tumwonyeshe filamu hii ili ajifunze kuyaacha yaliyopita. Mimi naogopa itamuumiza. Tufanye nini?"*

Marahaba. Umeleta maswali mawili, na nilipoyasoma mara ya pili niliona yanakutana katika sentensi moja, ile ya kwamba mnamwambia shangazi kuna watu wanamuulizia. Nitaifikia. Lakini kwanza tumalize ubishi wenu, maana mkiielewa filamu vibaya mtampelekea shangazi ujumbe ambao haumo.

Tuanze na kaka, na asionewe. Alichokiona kipo. Gloria Swanson, aliyemwigiza Norma Desmond, anatoa macho, anakunja vidole, anainua kidevu hata akiwa ameketi peke yake. Kaka alipokosea ni kudhani kwamba mwigizaji alishindwa kujizuia, au kwamba ndivyo watu wote walivyoigiza zamani. Waangalieni wanaosimama naye katika picha ileile. William Holden, anayemwigiza Joe Gillis, anaongea kwa sauti ya chini na uso wake hautikisiki ovyo. Nancy Olson, anayemwigiza Betty, msichana anayependana na Joe, naye anaongea kama msichana yeyote wa ofisini. Mwongozaji wao ni mmoja, Billy Wilder, na wote walipigwa picha mwaka uleule wa 1949. Kama watu wawili wametulia na mmoja anapaa, huyo mmoja ameambiwa apae. Norma ni mtu anayeigiza saa zote, hata pasipo kamera, kwa sababu hajakubali kwamba kamera imeondoka.

Mwambie kaka arudie kipande kimoja. Joe amechoka na jumba, uso umemnywea, na Norma anataka kumchangamsha. Anatoka, kisha anarudi amevaa kofia ya duara, masharubu madogo na fimbo mkononi, akimwigiza Charlie Chaplin. Tazameni mabega yake, tazameni namna anavyoichezesha ile fimbo na kutikisa masharubu. Kila kitu kimepimwa. Mtu asiyejua kuutawala mwili wake hawezi kukifanya hicho hata kwa sekunde kumi. Swanson alikuwa akijua kabisa ni lini awe mkubwa na ni lini awe mdogo.

Kuhusu filamu bubu zenyewe, dhana ya kwamba zilijaa watu wa kurusharusha mikono imeletwa kwa sehemu na mashine. Wakati ule kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, na kasi haikuwa moja. Mpiga picha aliweza kuchukua picha 16, 18 au 20 kwa sekunde, kulingana na tukio na mazoea yake. Sauti ilipoingia, kasi ikafungwa kwenye picha 24 kwa sekunde, kwa sababu sauti ikienda mbio au ikivuta, sikio linagundua papo hapo. Sasa chukua filamu iliyopigwa kwa kasi ndogo, ipitishe kwenye mashine ya kasi kubwa: watu wanatembea mbiombio, mikono inarukaruka, mtu anayekumbatiwa anaonekana kama anapigwa. Vizazi na vizazi vimewacheka waigizaji wale kwa kosa la mashine.

Na Wilder analisema hili ndani ya filamu, kimyakimya. Kuna usiku ambao Norma anamwonyesha Joe mojawapo ya filamu zake za ujanani. Kile kipande mnachokiona ni cha kweli, kimetoka kwenye Queen Kelly, filamu ambayo Swanson mwenyewe aliicheza mwishoni mwa miaka ya 1920. Anaonekana msichana akisali kati ya mishumaa. Uso umetulia. Macho ndiyo yanayofanya kazi, na yanaifanya taratibu sana. Halafu Norma wa sasa anasimama ghafla mbele ya mwanga wa projekta, moshi wa sigara umemzunguka, shingo imekaza, anaapa kwamba atarudi. Msichana wa mishumaa amenyamaza, mama wa miaka hamsini anapiga kelele. Hapo ndipo kaka angepata jibu lake. Ukubwa ule wa mikono na macho haukutoka kwenye filamu bubu. Ulikuja baadaye, wakati hakuna tena anayemtazama.

Naongeza kidogo kwa faida ya kaka: aliyeketi nyuma akiendesha ile projekta ni Max, mtumishi wa nyumba, anayeigizwa na Erich von Stroheim. Katika maisha ya kweli, von Stroheim ndiye aliyekuwa mwongozaji wa Queen Kelly. Aliondolewa kazini kabla filamu haijakamilika, na wakati ule Swanson mwenyewe alikuwa miongoni mwa wenye filamu. Miaka ishirini baadaye wawili hao wako chumba kimoja, wanaangalia kazi iliyowaharibikia wote wawili. Wilder aliwaweka pale kwa makusudi, nao walikubali. Sijui ujasiri mkubwa kuliko huo katika taaluma hii.

Dada yako aliyelia yuko karibu zaidi na moyo wa filamu, ila sababu anayoitaja huenda si yenyewe. Watazamaji wengi wanaomhurumia Norma husema sauti ndiyo iliyomuua: filamu zikaanza kuongea baada ya 1927, yeye akawa hafai. Historia haiko hivyo. Swanson mwenyewe alipoingia kwenye filamu za sauti mwaka 1929 alifanikiwa, hata akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu yake ya kwanza ya kuongea. Greta Garbo, nyota mwingine wa filamu bubu, alivuka vizuri kabisa, tena na lafudhi yake ya Sweden. Kilichowaondoa wengi ni mchanganyiko wa mambo: mikataba mikubwa ambayo studio zilitaka kuivunja, ladha ya watazamaji iliyohama, na zaidi ya yote umri, na kwa wanawake umri huo ulihesabiwa kwa kipimo kingine.

Tazameni tena tukio la studio za Paramount. Norma anakwenda kumwona Cecil B. DeMille, na DeMille anaigizwa na DeMille mwenyewe, mwongozaji ambaye kweli alimwongoza Swanson kuanzia mwaka 1919. Mwaka huo wa 1949 DeMille alikuwa na miaka ipatayo 68. Studio nzima inamsikiliza, anatengeneza filamu kubwa, hakuna anayemwambia wakati wake umepita. Anayeingia kumwomba kazi ana miaka hamsini, naye ndiye anayeonekana mzee. Filamu haitoi hotuba juu ya jambo hilo. Inawaweka tu katika chumba kimoja.

Tukio hilohilo lina kitu ambacho nawaomba wote wanne mkiangalie kwa utulivu. Norma amekaa kwenye kiti cha mwongozaji, anasubiri. Maikrofoni iliyoning'inizwa kwenye mkono wa chuma inapita juu yake na kugusa unyoya wa kofia yake. Anaisukuma kwa chuki, bila neno. Kisha fundi mzee wa taa, aliye juu kabisa, anamtambua, anamwita kwa jina, na anamgeuzia taa. Mwanga unamwangukia. Watu waliokuwa wakipita wanasimama, wazee waliowahi kufanya kazi naye wanasogea, mikono inamgusa. Kwa muda mfupi Norma hatoi macho, hakunji vidole. Halafu DeMille anarudi, anaona mkusanyiko, anaagiza taa irudishwe mahali pake. Watu wanatawanyika. Nani mbaya hapo? Fundi ametenda wema. DeMille ana kazi ya kumaliza. Kwa hiyo nikisoma mtazamaji anayesema filamu hii inamdhihaki mwanamke mzee, najua kipande hiki hakukiona, au alikiona akiwa na simu mkononi.

Hata hivyo dada asimfanye Norma malaika. Ana hela, ana visima vya mafuta Bakersfield, hakutupwa barabarani. Anamnunulia Joe suti na kikasha cha sigara cha dhahabu, na kwa kila zawadi anakaza kamba. Akiachwa anaumiza mwili wake, na mwisho anaumiza wa mwenzake. Kuonewa kwake hakumfuti Joe aliyeelea kwenye bwawa akiwa na risasi mgongoni.

Mdogo wenu, mwambie nimempa alama nyingi. Joe ni marioo, na bahati nzuri Joe mwenyewe anajua. Ila kuna jambo kubwa zaidi, ambalo nadhani ndilo linalowafanya watazamaji wasikubaliane. Filamu nzima tunasimuliwa na Joe, na Joe ameshakufa. Kila tunachosikia kuhusu Norma kabla hatujamwona vizuri tunakisikia kutoka kwa mwandishi asiyeuza kazi, anayedaiwa, anayekimbizwa na watu wa kampuni ya mikopo wanaotaka kuchukua gari lake kwa sababu ameshindwa kupata dola 290. Anaingia kwenye lile jumba kwa kupasukiwa na tairi. Mtu aliyeshindwa hivyo anahitaji kuwepo aliyeshindwa zaidi yake, na anampata. Maneno yake makali na ya kuchekesha juu ya Norma yanatukolea sisi, tunacheka naye, na tunasahau kuuliza kama ni shahidi wa haki. Ukimwamini Joe kwa kila neno, Norma ni kichaa na filamu ni ya kutisha. Usipomwamini, unaona mwanamke aliyemkaribisha mgeni mezani kwake na mgeni akawa anamsengenya hata akiwa marehemu. Watazamaji wawili wanaangalia filamu moja na kuondoka na hadithi mbili. Kinachowatofautisha ni kiasi gani cha imani walimpa msimulizi.

Na tusiwalaumu wanaocheka. Toleo la kwanza la filamu hii halikuanzia kwenye bwawa. Lilianzia chumba cha kuhifadhia maiti, ambako marehemu walikuwa wakisimuliana jinsi walivyokufa. Lilipoonyeshwa kwa majaribio mjini Evanston, jimbo la Illinois, watu waliangua kicheko mahali ambapo hakikutakiwa, na hadithi ikaharibika. Wilder alikubali hukumu yao. Alikifuta kipande chote akatengeneza ule mwanzo tunaoujua, maiti ikielea huku polisi wakionekana juu ya maji. Picha hiyo ilipatikana kwa kuweka kioo chini kabisa ya maji na kupiga picha ya kinachoonekana kwenye kioo. Ninaisimulia habari hii kwa wanafunzi kila wanapodharau maoni ya mtazamaji wa kawaida: mojawapo ya picha zinazokumbukwa kuliko zote katika sinema ilizaliwa kwa sababu watu wa Evanston walicheka.

Wakubwa wa Hollywood nao waligawanyika kama ninyi. Inasimuliwa kwamba katika onyesho lao la faragha, mwigizaji Barbara Stanwyck alipiga magoti akabusu pindo la gauni la Swanson, na papo hapo Louis B. Mayer, bosi wa studio ya MGM, akamtukana Wilder kwamba ameuaibisha mji uliomlisha. Filamu iliteuliwa kwa tuzo 11 za Oscar ikachukua 3: hadithi na mswada, muziki, na upambaji wa mandhari kwa filamu zisizo za rangi. Swanson hakupata. Aliyepata tuzo ya mwigizaji bora wa kike alikuwa Judy Holliday, ambaye alikuwa bado hajafika miaka thelathini.

Kama utaniuliza upungufu wake, upo. Mapenzi ya Joe na Betty ni membamba. Betty ni mwema mno, na kila akirudi mbele ya kamera mimi husubiri turudishwe kwenye jumba. Maneno ya Joe wakati mwingine ni ya ujanja uliopitiliza, mtu hasemi hivyo hata akiwa mwandishi. Na aliyeizima baada ya nusu saa namwelewa: nusu saa ya kwanza kuna mazishi ya sokwe usiku wa manane, mtumishi anayepiga kinanda akiwa amevaa glavu nyeupe, na manukuu, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, yanayokimbia kwa sababu Joe anaongea haraka. Anayeangalia kwa manukuu anapoteza nusu ya nyuso. Ningemshauri asome kisa kwa kifupi kwanza, kisha aangalie bila kuhangaika na kila neno. Kujua mwisho hakuharibu kitu. Filamu inakuambia mwisho dakika ya kwanza.

Sasa Max, ambaye hakuna hata mmoja wenu aliyemtaja. Max ndiye ufunguo wangu, na ndiye anayenileta kwa shangazi.

Norma anaamini mashabiki hawajamsahau kwa sababu kila siku barua zinafika. Anatia sahihi picha, anawajibu. Joe anakuja kugundua kwamba barua zote anaziandika Max. Baadaye tunajua zaidi: Max ndiye aliyemgundua Norma akiwa na miaka kumi na sita, ndiye aliyemwongoza katika filamu za mwanzo, na ndiye mume wake wa kwanza. Aliacha kazi yake akarudi kuwa mtumishi. Huyu si chawa, hapati chochote. Anampenda. Na kwa kumpenda amejenga dunia ambayo Norma hawezi kutoka. Kufuli zimeng'olewa milangoni kwa sababu Norma amejaribu kujiua, nyembe zimeondolewa, na jibu pekee ambalo Max analo kwa huzuni ile ni barua nyingine. Watu wa Paramount wanapoanza kupiga simu, Norma anaamini anaitwa kurudi kazini, kumbe wanataka kuazima gari lake la kizamani, Isotta Fraschini. Max anapoujua ukweli anaufunika. DeMille naye anaufunika, kwa huruma. Kila mtu ana huruma, na kila huruma inampeleka mbali zaidi na watu.

Kisha ukweli unasemwa, na angalieni unasemwa vipi. Joe anaufyatua akiwa na sanduku mkononi, anaondoka: barua ni za uongo, watazamaji walishaondoka, studio ilitaka gari tu. Maneno yote ni kweli. Ila yanatoka kwa mtu anayeelekea mlangoni, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuachwa ajifunze kubeba ukweli hata wa kilo moja. Dakika chache baadaye Joe yuko kwenye bwawa.

Ndiyo maana nasema hoja ya dada, kwamba filamu itamfundisha shangazi kuyaacha yaliyopita, haisimami. Filamu hii haina mafunzo kwa Norma. Ina mafunzo kwa wanaoishi na Norma. Kumwekea shangazi akaangalie kama dawa ni kumwambia, kwa njia ya kuzunguka, kwamba mnamwona kichaa. Ataielewa dakika ya tano. Huyu ni mwigizaji, anajua kusoma nia ya tukio kuliko ninyi wote.

Na kuhusu kumwambia kuna watu wanamuulizia: acheni. Najua mnafanya kwa upendo, na Max alifanya kwa upendo. Lakini msiende upande wa pili mkamkalisha kikao na kumwambia hakuna anayekujua tena. Kati ya barua za Max na maneno ya Joe kuna nafasi kubwa. Mnaweza kumwambia mambo ya kweli ambayo ni mema: kwamba mlikuwa mkimsikiliza redioni, kwamba sauti yake mnaikumbuka, kwamba mnamhitaji kwa jambo fulani, na hilo jambo liwepo kweli. Akisema simu haziji siku hizi, msikimbilie kubisha. Mwambieni ndiyo, shangazi, haziji, na inauma. Kisha kaeni.

Kuangalia kazi zake za zamani si ugonjwa. Fundi seremala mstaafu hutembelea makabati aliyoyatengeneza na hakuna anayemwita kichaa. Huenda anaangalia kwa jicho la kazi, anaona mahali alipokosea, mahali alipopatia. Ulizeni kabla ya kudhani. Keti naye, mwache akusimulie ni nani aliandika, mazoezi yalifanyika wapi, nani alisahau maneno. Mtu anayesikilizwa hivyo huwa hahitaji mashabiki wa kubuni.

Swanson mwenyewe ni mfano mzuri kuliko Norma. Kabla Wilder hajamwita, alikuwa ameshahama Hollywood akaenda New York, akaanzisha kampuni ya uvumbuzi, na mwaka 1948 akawa na kipindi chake cha runinga, wakati runinga yenyewe ilikuwa changa. Baada ya filamu aliletewa nafasi nyingi za kuwa Norma mwingine, akazikataa. Aliendelea na jukwaa, na runinga, na kuandika, hadi alipofariki mwaka 1983. Watazamaji wengi walidhani anajiigiza mwenyewe. Aliweza kumwigiza Norma vizuri kwa sababu hakuwa Norma. Kwa shangazi, kazi ya namna hiyo inaweza kuwa kusoma vitabu kwa sauti ili virekodiwe, kufundisha vijana wa kikundi cha maigizo matamshi na pumzi, au kusimamia mazoezi ya mchezo wa shule. Msimtafutie kwa siri kisha mkamwambia ameombwa. Mwambieni mmefikiria hivi, yeye anaonaje, na akikataa mkubali.

Kuna mambo ambayo mimi kama mwalimu wa filamu siwezi kuyasaidia kwa maandishi, na mkiyaona msisubiri. Kama hapati usingizi kwa wiki kadhaa, hali chakula vizuri, amejifungia na hataki kuona mtu. Kama ameanza kutoa hela kwa watu wanaomwahidi nafasi katika filamu isiyokuwepo. Kama anachanganya miaka, anapotea njia anazozijua, anauliza jambo lilelile kila baada ya muda mfupi, au anasikia na kuamini mambo ambayo hakuna mwingine anayeyaona. Hayo yampeleke hospitali, aonwe na daktari, na mmoja wenu aende naye. Mengine yana matibabu, na yakiwahiwa yanatulizika. Akisema amechoka kuishi, hata kwa utani, hata kwa mafumbo, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa na vyenye makali viondoke karibu naye, na mwende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kuondoa nyembe peke yake ndicho Max alichofanya, na mmeona hakikutosha.

Kama hakuna dalili hizo, na amechangamka vya kawaida, basi swali la kumwonyesha au kutomwonyesha mwachieni yeye. Mwelezeni filamu inahusu nini bila kuficha: nyota aliyesahauliwa, anajikata kwa wembe (haionyeshwi, inasimuliwa na bandeji zinaonekana), na anaua mtu. Mwambieni pia kwamba mmegombana kuhusu uigizaji wa Swanson na mnataka kusikia maoni yake. Hilo ni kweli, hamtakuwa mmebuni. Ninyi wanne mmebishana usiku kucha juu ya mwigizaji, na katika ukoo wenu mmoja tu ndiye aliyewahi kusimama mbele ya kamera, na hamkumuuliza. Akisema hataki, msirudie ombi.

Akikubali, iangalieni mchana, si usiku, na mtenge muda wa kukaa baada ya hapo. Ina dakika 110. Simamisheni kwenye tukio la Paramount akitaka kusema kitu. Mimi mwenyewe nina hamu ya kujua mwigizaji wa redio anasemaje juu ya ile maikrofoni na ule unyoya wa kofia, kwa sababu sisi tunaofundisha tumelieleza tukio hilo kwa upande wa picha tu. Akiwa radhi, niandikie alichosema. Na kaka naye aandike, hasa kama atakuwa amebaki na msimamo wake.